Baba asiye na shahidi: uhamaji unavyowabadilisha baba na mwana katika hadithi

Swali: "Naandika riwaya kuhusu mtu aliyehamia ugenini pamoja na mwanawe wa kiume akiwa bado mdogo. Nimefika sura ya tisa. Rafiki niliyempa muswada ameniambia kwamba baba ni mkali, mwana ni mkaidi, wanagombana kuhusu mila, lakini yote hayo yangeweza kutokea bila mtu yeyote kuvuka mpaka. Nimekosa la kumjibu. Hivi uhamaji unabadilisha nini hasa kati ya baba na mwana, na waandishi wengine wameuonyeshaje?"

Jibu:

Huyo rafiki yako usimwache, maana amegusa penyewe. Ugomvi wa baba na mwana ni mkongwe kuliko pasipoti. Baba anayetaka kutiiwa na kijana anayetaka kujiamulia mambo yake utawakuta hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kuhama tangu enzi za mababu. Ukiwapandisha ndege watu hao hao, ukawashusha kwenye nchi ya baridi, kisha wakaendelea kuvutana kwa maneno yale yale, ulichobadilisha ni mandhari tu. Msomaji hulihisi jambo hilo upesi hata kama hawezi kulitaja.

Mimi ninapohariri hadithi za namna hii huanza na swali moja: baba alikuwa na nini kule alikotoka ambacho hakikuweza kuingia kwenye sanduku? Waandishi wengi hunijibu harakaharaka: lugha, kazi, heshima. Sawa. Lakini chini ya hayo yote naona kitu kimoja kinachoyabeba, nacho ni mashahidi. Kwao, baba hahitaji kujieleza. Mwana anamjua kwa midomo ya watu: shangazi anayekumbuka utundu wake wa utotoni, jirani ambaye bado anamwita kwa cheo alichokwisha kustaafu, hata hasimu anayemchukia kwa sababu zinazojulikana mtaa mzima. Baba akijitukuza, wapo wa kumcheka. Mwana akimdharau, wapo wa kumkanya. Akivuka mpaka, hao wote wanabaki nyuma, na mwana anabakiwa na chanzo kimoja tu cha habari za baba yake, ambacho ni baba mwenyewe. Baba anaweza kusema kweli, anaweza kuongopa, anaweza kunyamaza. Wa kumsahihisha hayupo.

Ukiishika fikra hiyo, mambo mengi katika riwaya za wahamiaji yanayoonekana kama vituko vya mhusika mmoja mmoja yanaanza kuelezeka. Mchukue Samad Iqbal katika White Teeth ya Zadie Smith (2000). Ni Mbengali aliyepigana Vita Kuu ya Pili upande wa Waingereza, na sasa anabeba sahani katika mgahawa mmoja wa London. Akiwa kazini anatamani angevaa bango kubwa linalowatangazia wateja kwamba yeye si mhudumu, kwamba amekuwa mwanafunzi, amekuwa mwanasayansi, amekuwa askari. Bango hilo linachekesha, ila litazame vizuri. Kwao lisingehitajika, kwa sababu kila anayempita angelijua lililoandikwa. Ndiyo maana pia Samad hachoki kumtaja baba wa babu yake, Mangal Pande, askari anayehusishwa na maasi ya mwaka 1857 kule India. Amekosa shahidi aliye hai, anamfukua aliyekufa. Na walio karibu naye, wanawe wakiwemo, wamemchoka na Pande wake.

Halafu Samad anafanya lile jambo linalobeba riwaya nzima. Ana mapacha wa kiume, Magid na Millat. Anamtoa mmoja kwa siri, anampeleka Bangladesh akalelewe huko, na mwingine anabaki London. Magid anarudi akiwa Mwingereza kuliko Waingereza, mavazi na matamshi, tena hana dini. Millat aliyebaki anaingia kwenye kikundi cha Waislamu wenye msimamo mkali. Watu husoma kisa hiki kama kejeli ya binadamu kupanga na Mungu kupangua, na kejeli imo kweli. Mimi nakisoma hivi: Samad alimtuma mtoto kwa mashahidi. Alitumaini watamrudishia kijana anayejua baba yake ni nani. Hakukumbuka kwamba nchi aliyoiacha haikusimama kumngoja.

Hapo ndipo ukali wa baba mhamiaji unapotofautiana na ukali wa baba mwingine yeyote. Anaposema "sisi hatufanyi hivyo", ile "sisi" ina mtu mmoja ndani yake. Mwana akichungulia haoni mwingine. Ukiandika ugomvi wa mila bila mwana kuuona upweke huo, umeandika ugomvi wa kawaida. Akiuona, hata kwa sekunde moja, asijue afanye nini nao, sura imebadilika.

Kunyamaza nako kuna aina zake, na hapa ningekuomba usiharakishe, kwa sababu baba bubu amekuwa kama vazi la dukani, kila mwandishi analivaa. Uliza ananyamaza kwa ajili ya nini.

Katika The Last Gift ya Abdulrazak Gurnah (2011), Abbas ni baharia wa zamani kutoka Zanzibar anayeishi Uingereza na mkewe na watoto wawili waliozaliwa huko. Ananyamaza kwa aibu: aliondoka akamwacha mke mwenye mimba, na katika nyumba ya pili hajalitaja. Mwanawe Jamal anasomea uhamaji chuo kikuu. Kijana anachambua jinsi watu wanavyohama, na hajui baba yake alihama kwa nini. Gurnah hakazanii kinaya hicho, anakiacha kikae hapo tu. Mzee anapougua ndipo anaanza kuongea na kinasa sauti. Fikiri: mtu ana mke na watoto ndani ya nyumba, lakini anayeweza kumweleza ni mashine.

Ashoke katika The Namesake ya Jhumpa Lahiri (2003) ananyamaza kwa upole. Mwaka 1961, akiwa kijana India, aliponea ajali ya treni kwa sababu waokoaji waliona kurasa za kitabu cha Gogol, mwandishi wa Kirusi, mkononi mwake. Mwanawe anazaliwa Marekani na anaitwa Gogol, na kijana analichukia jina hilo bila kujua lilitoka kwenye nini. Siku mwana anapotimiza miaka 14, baba anampelekea chumbani kitabu cha mwandishi huyo kama zawadi. Anakaribia kusema. Kisha anaona kwamba leo ni siku ya kushangilia uhai, na habari za kifo zinaweza kungoja. Anatoka. Kitabu mwana anakiweka tu. Miaka inapita, jina linabadilishwa mahakamani, na ndipo siku moja, ndani ya gari, baba anasema. Sijui mandhari nyingi za baba na mwana zinazonigusa kama ile ya chumbani, na hakuna aliyeinua sauti. Angalia pia kwamba isingewezekana katika mji wa kwao Ashoke. Kule mtoto angeisikia habari ya treni kabla hajaota meno, tena kwa kutiwa chumvi.

Mwana anayenyimwa hadithi kabisa hufanya nini? Anaitunga. Jonas, msimulizi wa How to Read the Air ya Dinaw Mengestu (2010), ni mtoto wa Waethiopia aliyezaliwa Marekani. Baba yake alikuwa mkatili nyumbani na mchache wa maneno. Baada ya baba kufa, Jonas anasimama mbele ya wanafunzi wake na kuanza kuwasimulia safari ya baba yake ya kutoroka kupitia Sudan, na sehemu kubwa anaibuni palepale. Anampa baba ushujaa, anampa marafiki, anampa sababu. Anamtungia mashahidi. Wako wasomaji wanaoona huo ni uongo tu. Kwangu ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kuwa mtoto wa mtu.

Gurnah, ambaye alitunukiwa Nobel ya fasihi mwaka 2021, ameisukuma fikra hii mbali zaidi katika By the Sea (2001). Mzee Saleh Omar anatua Gatwick kuomba hifadhi akiwa na pasipoti yenye jina la Rajab Shaaban Mahmud. Jina hilo ni la mtu mwingine, hasimu wake wa zamani, aliyekwisha kufa. Mzee ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, hivyo wanaomshughulikia wanatafuta mtu wa kumtafsiria, wanampata Latif Mahmud, mhadhiri wa chuo kikuu London. Latif ni mtoto wa marehemu Rajab. Mwana anapata habari kwamba kuna mzee mwenye jina la baba yake ameomba hifadhi! Wanapokutana, ukalimani hauhitajiki tena. Kinachofuata ni mazungumzo marefu ambamo kila mmoja ana nusu ya habari: Latif alikuwa mtoto, aliona mambo asiyoyaelewa, Saleh aliyaelewa, na alikuwa upande wa pili wa ugomvi. Baada ya miaka yote hiyo ugenini, mwana amempata shahidi wa baba yake, na shahidi ni adui wa baba yake.

Sasa nigeukie jambo la pili, lile la baba kumtegemea mtoto. Hili limeandikwa mno na ndiyo maana mara nyingi linaandikwa vibaya. Mtoto hujifunza lugha ya ugenini haraka kuliko baba, anakuwa msemaji wa familia kwenye kila dirisha la ofisi, baba anajisikia mdogo. Waandishi wengi huishia hapo, kwenye fedheha. Lakini mkalimani ana mamlaka, na baba analijua hilo. Nikupe mfano wa kubuni ili tuuone kwa karibu.

Mwana ana miaka kumi na mmoja. Baba anaumwa kifua. Daktari anamwambia mtoto amwulize baba kama analala vizuri usiku. Baba anajibu kwa lugha yake, kwa kujiamini, "Mwambie nalala fofofo, sigeuki mpaka kunakucha." Mtoto, ambaye kila usiku anasikia hatua za miguu sebuleni, anamgeukia daktari na kusema, "Halali. Anatembeatembea mpaka alfajiri." Daktari anaandika. Baba hajaelewa neno hata moja, lakini ameiona kalamu ikienda mistari mitatu kwa jibu la sentensi moja. Njiani kurudi haulizi kitu. Usiku ule hatua hazisikiki. Mwana anazingoja, na anatambua kwamba baba yuko macho kitandani, amejizuia asitembee.

Hapo hakuna aliyegombana na mtu. Lakini mtoto amegeuka kuwa shahidi, tena dhidi ya neno la baba, mbele ya mgeni mwenye koti jeupe, na kwa nia njema. Kwao asingepewa nafasi hiyo; kungekuwa na mama mkubwa, au kaka wa baba, wa kusema kwamba huyu halali. Ndiyo tofauti anayoitafuta rafiki yako.

Kuna hadithi fupi ya Hanif Kureishi, My Son the Fanatic (1994), ambayo inapindua nafasi za baba na mwana kwa namna nyingine. Parvez, dereva wa teksi kutoka Pakistan, anaona mwanawe Ali anagawa na kutupa vitu vyake, anashuku ni dawa za kulevya. Kumbe kijana ameshika dini. Sasa baba anayekunywa wiski ndiye anayehukumiwa, na mtoto aliyekulia Uingereza ndiye anayemwambia baba kwamba amepotea njia. Inaisha kwa baba kumpiga mwana, na mwana kuuliza ni nani sasa mwenye siasa kali. Waandishi waliozoea fomula ya baba mshika mila na mwana mpenda ugeni waisome mara mbili. Ali amepata watu wa kumwambia baba anapaswa kuwa nani, na hakuna kati yao aliyewahi kumjua Parvez.

Jambo lingine ambalo swali lako limelipita: nani alitangulia? Wewe umewahamisha pamoja. Ni uamuzi mzuri, ila ujue una gharama yake, kwa sababu kutenganishwa ndiko kunakozaa hadithi nyingi kali za aina hii. Call It Sleep ya Henry Roth (1934) inafungukia bandarini New York mwaka 1907. Albert ametangulia Marekani. Mkewe anashuka melini na mtoto mdogo wa kiume. Watu kote wanakumbatiana. Albert anamtazama mtoto kama mzigo uliokosewa anwani, anakasirishwa na kofia yake ya kigeni, anamvua na kuitupa majini. Baadaye tunajua ana shaka kama mtoto ni wake kweli. Katika kurasa chache za kwanza Roth ameonyesha pengo ambalo miaka ya kutoonana imelichimba.

Au mwana ndiye anayehama, na baba ndiye anayetafutwa. Wasomaji wa Kiswahili tunayo Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambamo Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumsaka baba asiyemjua. Mpaka wenyewe hauko mbali, na hakuna ndege wala theluji, lakini kazi ya kijana ni ile ile: kuuliza watu, kukusanya vipande, kuamini huyu na kumshuku yule. Katika Gravel Heart ya Gurnah (2017), Salim anaondoka Zanzibar kwenda London akiwa hajui kwa nini baba yake alihama nyumbani na kwenda kujifungia kwenye chumba cha uani cha duka. Utotoni alikuwa akimpelekea chakula huko kila siku, na baba haelezi. Jibu analipata akiwa mtu mzima, aliporudi baada ya mama kufa, na analipata kwa mdomo wa baba.

Na mama, je? Waandishi wa kiume tuna tabia ya kumweka jikoni na kumsahau. Kumbuka yeye ni shahidi aliyesafiri. Kama alimjua mumewe kabla ya kuhama, anajua kipi ni kweli na kipi kimepakwa rangi. Amua mapema anajua nini, na kwa nini hasemi, hata kama wasomaji hawataambiwa.

Turudi sura ya tisa. Muswada wako sijausoma, kwa hiyo nitakisia. Kama sura nane zilizotangulia ni za mabishano ndani ya nyumba, sasa mlete mgeni. Mtu wa kwao, aliyemjua baba enzi hizo, anapita siku mbili. Hakuna tukio lenye nguvu katika hadithi za namna hii kama shahidi kubisha hodi. Mwana amwone baba akicheka kicheko ambacho hajawahi kukisikia. Amsikie akiitwa jina la utani. Na mgeni, kwa kudhani kila mtu analijua, ataje jambo moja dogo ambalo baba hakuwahi kulitaja: kazi aliyofukuzwa, ndugu aliyekufa, wimbo aliokuwa akiimba. Liwe dogo. Ukileta siri ya mauaji utapata riwaya nyingine. Kisha mgeni aondoke, na wawili hao wabaki mezani na kitu ambacho mmoja anajua kwamba mwenzake sasa anakijua.

Kuhusu mazungumzo. Usimfanye baba aongee Kiswahili kibovu ili kuonyesha kwamba lugha ya ugenini inampiga chenga. Anapoongea lugha yake mpe Kiswahili kilichoshiba, chenye mzaha, mafumbo na matusi ya kiungwana. Anapoongea ile ya kigeni, mpe sentensi fupi zilizo sahihi lakini kavu, za mtu anayetumia maneno hamsini. Msomaji aone mtu yule yule akipungua anapovuka kizingiti. Mwana naye afanyiwe kinyume: hodari nje, na ndani ya nyumba anatafuta maneno.

Mwisho wa riwaya ni wako, lakini nina ombi moja. Usimuue baba kisha ukamwachia mwana barua inayoeleza kila kitu. Barua ya marehemu haijibu swali, wala haimlazimishi baba kumtazama mtu usoni anaposema. Gurnah katika Gravel Heart alimweka mwana mbele ya baba, wote wawili watu wazima, baba akisimulia. Wahusika wako nao waketi. Mpe baba hadithi ndefu, na mpe mwana ruhusa ya kumkatiza.